Mafungu Matano

Amelala!

Ndiyo, hamkukosea kusoma. Jumamosi iliyopita tulimwacha Husseini bin Mwinyimvua, mkata boriti wa kisiwa cha Kikunguni, kwenye benchi nje ya ofisi ya misitu Kibiti. Amekuja kuhojiwa kazi ya uaskari wa msitu. Tarishi kasimama mlangoni na karatasi, anaita jina lake mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mwenye jina kidevu kimeangukia kifuani, anakoroma.

Msomaji mmoja wa Nyamwage ameniletea barua ya ukali. Anasema mtu aliyeingoja kazi miezi minne hawezi kulala siku ya kuitwa. Bwana wee! Wewe umewahi kupiga kasia kwa mkono mmoja kutoka visiwani hadi Nyamisati, kisha ukatembea hadi Mtunda, kisha Mtunda hadi Kibiti, na viatu vya kuazima? Jaribu kwanza, halafu uniandikie tena. Mimi mwenyewe nimechoka kwa kumwandika tu.

"Husseini! Husseini bin Mwinyimvua!"

Mkoromo tu.

Tarishi Mfaume akashuka ngazi, akamwinamia, akampiga kofi la bega. Na katika mabega mawili aliyonayo Husseini, akachagua la kulia.

Wanaotufuata tangu mwanzo wanaijua habari ya bega hilo. Wageni wajue: miezi minne iliyopita boriti ya msinzi, mti wa jamii ya mikoko, ilimwangukia Husseini akiwa matopeni, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia hauinuki kupita kifua. Mkata boriti asiyeinua shoka ni mtu wa kulishwa. Ndiyo maana anaitaka kazi hii ya kuzunguka msituni na daftari, na ndiyo maana habari ya bega haitakiwi kufika ofisini.

Husseini aliruka. Akaumeza ukelele wote, akabaki na machozi.

"We bwana!" Mfaume alifoka. "Umekuja kutafuta kazi au kitanda?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Nimechoka."

"Nani hajachoka? Mie nimechoka tangu enzi ya Bwana yule wa kabla ya huyu. Zamu yako imepita. Kijana wa darasa la nane kaingia, na nyuma yake wako watatu. Weye sasa wa mwisho, na Bwana akienda kula kabla yako, basi tena."

"Nimetoka Kikunguni, ndugu yangu!"

"Hata ungetoka Maka."

Husseini akakaa tena. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alilitazama koti alilovaa, koti jeusi la baba mkwe wake, Mzee Kondo, lililotoboka mfuko wa kushoto na kumpwaya mabegani. Mzee mwenyewe alitaka kumsindikiza hadi mlangoni, lakini miguu ilimvimba njiani, ikabidi aachwe Mtunda nyumbani kwa Mwalimu Swalehe. Wakati wa kuagana alimvisha koti hilo kwa mikono yake. Akamwambia, "Nenda, mwanangu. Ukipata wewe, tumepata sote."

Na huyu hapa, amelala hadi zamu ikampita.

Mfaume akamwonea huruma, au tuseme alikiona kiuno chake mwenyewe akakionea huruma.

"Sikiliza," akasema taratibu. "Unaziona boriti zile?"

Uani, karibu na lango, boriti zilikuwa zimemwagwa ovyo, korija moja na nusu, yaani thelathini hivi. Zilifunga njia ya gari.

"Bwana kaagiza ziondoke pale, gari lipite. Mie kiuno hiki hakiinami. Zisogeze ukutani, nami nitalisemea jina lako."

Mtu mwenye bega zima angekataa kazi ya bure siku ya kuhojiwa. Husseini alikubali kwa sababu akikaa angelala.

Akaziburura moja moja kwa mkono wa kushoto, na midomo ikirudia mafunzo ya Mwalimu Swalehe. Mwalimu huyo, kama mnavyokumbuka, amekwisha kuwaandaa watu kumi na mmoja kuhojiwa na Wazungu, na yeye mwenyewe alihojiwa mara nne na mara zote hakupata. Anayajua makosa yote kwa kuyafanya.

"Usikae mpaka uambiwe." Boriti moja.

"Tazama kifungo cha shati la Bwana. Usimtazame machoni, usitazame sakafu." Boriti ya pili.

"Wakikuuliza kwa nini unaitaka kazi, sema: napenda kuitumikia Serikali." Boriti ya tatu.

"Wakikupa kitu, kipokee kwa mkono wa kulia, hata kama bega linawaka moto. Mkono wa kushoto usionekane kabisa." Boriti ya nne, kwa mkono huohuo wa kushoto.

Sasa, msomaji wa bara, nikueleze jambo moja. Mtu wa delta, kule mto unapoingia baharini, hapangi boriti kwa urefu wala kwa unene. Jahazi likija kupakia, miti ya wakataji wote imelala pamoja ufukoni, na hapana aliyeandika jina. Lakini kila mkataji ana namna yake ya kupiga shoka. Huyu hupiga mawili makubwa akaacha ulimi. Yule hupiga mengi madogo. Mwingine humaliza kwa kuvunja. Basi tazama kitako cha boriti, utaujua mkono. Huzipanga hivyo, za mkono huu hapa na za mkono ule pale, kila mtu apate chake bila ugomvi.

Husseini alianza kupanga hivyo kabla ndevu hazijamtoka. Hakuhitaji kufikiri. Mikono ilipanga, kichwa kikasinzia, midomo ikaitumikia Serikali.

Jua lilipofika utosini boriti zote zilikuwa ukutani, mafungu matano safi. Njia ya gari ilikuwa wazi. Mfaume akatoka mlangoni akitabasamu.

"Ingia haraka! Na ufute matope hayo usoni."

*

Ndani palikuwa na meza kubwa, picha ya Malkia ukutani, na watu wawili.

Wa kwanza ni Bwana Misitu, Mwingereza mrefu ambaye watu wa visiwani walimpa jina la Bwana Mluzi, kwa kuwa jambo likimpendeza hupiga mluzi wa chinichini bila kujijua. Kiswahili alikijua, kile cha kujifunza kitabuni.

Wa pili ni Karani Khamisi, mtu wa Dar es Salaam, kaptura imenyooka, soksi hadi magotini, kalamu tayari.

"Kaa," Bwana akasema.

Ameambiwa, anaweza kukaa. Lakini Husseini alikitazama kile kiti, kiti cha mikono chenye mto, akaogopa.

"Nitasimama, Bwana."

"Kwa nini?"

"Nikikaa nitalala."

Kalamu ya Karani Khamisi ikasimama hewani. Huko Mtunda, bila shaka, Mwalimu Swalehe alisikia maumivu ya tumbo asijue sababu.

Bwana Misitu akainua nyusi. "Umetoka wapi?"

"Kikunguni, Bwana. Siku ya tatu leo."

"Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Hili alilijua! Alilirudia uani mara thelathini. Akafungua mdomo, na jibu halikuwamo. Lilibaki nje kwenye boriti.

"Nimechoka, Bwana," akasema.

Karani Khamisi akaguna na kutikisa kichwa. Bwana akangoja.

"Nimechoka na matope. Miaka ishirini nimeyakanyaga. Miti nimeikata hata siwezi kuihesabu. Sasa nataka kuitazama tu, imesimama, basi."

Halafu, chinichini, kama mtu anayetafuta wimbo aliousahau, Bwana Misitu akaanza kupiga mluzi.

Husseini hakuamini. Mafunzo mawili ameyavunja na mluzi unapigwa!

Bwana akatoa kwenye mtoto wa meza vipande vinne vya magome, akavisogeza. Husseini alikaribia meza mpaka tumbo likagusa mbao, ili mkono wa kulia usipate safari ndefu. Akavipokea. Bega likawaka, uso ukatulia.

"Huu mkoko." Akanusa cha pili. "Msinzi." Cha tatu akakikwaruza kwa ukucha. "Mchu, tena mzee." Cha nne akakirudisha bila kukinusa. "Na huu si wa kwetu, Bwana. Mkorosho huu. Nadhani umekatwa hapo nyuma ya ofisi."

Bwana Misitu alicheka kwa sauti. "Kijana wa darasa la nane aliniambia ni mkoko mwekundu! Andika, Khamisi."

Khamisi akaandika.

"Swali la mwisho. Upo msituni, katika sehemu iliyofungwa na Serikali. Unamkuta mtu anakata boriti. Unamjua. Utafanya nini?"

Hapa Mwalimu Swalehe alikuwa amemkomalia usiku kucha, na jibu lilitoka lenyewe. "Nitamkamata, Bwana."

"Hata jirani yako?"

"Hata jirani yangu."

"Hata mtu wa nyumbani kwako?"

"Hata mtu wa nyumbani kwangu."

Alijibu upesi, kwa uchovu, kama mtu anayeitikia salamu. Msimlaumu. Ninyi mkiulizwa hivyo mbele ya meza mtajibu vipi?

Bwana Misitu akafungua mtoto wa meza wa pili. Akatoa kofia ya kaki yenye beji ya shaba, akaiweka juu ya meza, katikati yao. Husseini aliitazama akamwona Zamda, mkewe, akiipiga vumbi kila asubuhi na kuwatambia majirani kisimani.

"Nimehoji watu watano leo," Bwana akasema, akinyanyuka kuchungulia dirishani kama gari lake limepata njia. "Wanne walikuja na majibu. Wewe umekuja na..."

Maneno yakakatika. Na mluzi ukakatika.

"Khamisi. Nani amezipanga boriti zile?"

"Mimi, Bwana," Husseini akadakia kwa furaha. "Tarishi aliniomba."

"Kwa nini umefanya mafungu matano?"

Na huyu Husseini, aliyesafiri siku tatu, aliyeamshwa kwa kofi, aliyekwisha kuiona kofia kichwani, akajibu kabla ya kufikiri.

"Kwa sababu wenyewe ni watano, Bwana."

*

Walisimama uani wote wanne, jua kali, hakuna kivuli.

"Sikiliza, Husseini," Bwana Misitu alisema polepole. "Siku kumi na mbili zilizopita askari wangu walivamia mkono wa mto katika msitu uliofungwa. Waliokuwa wanakata walijitosa matopeni, wakakimbia. Hakuna aliyeonekana uso. Boriti zililetwa hapa. Nimewauliza majumbe. Nimewauliza manahodha. Nimeuliza visiwa vizima. Wote wamenijibu neno moja: boriti haina jina."

Akalipiga teke dogo fungu la kwanza.

"Na wewe umenipangia kwa asubuhi moja."

Husseini akayatazama mafungu. Loo! Watu wa visiwa vizima wamefunga midomo, naye amesema kwa mikono.

"Fungu hili la nani?"

"Simjui, Bwana. Naujua mkono tu, kwamba ni mmoja." Na ilikuwa kweli. Mikono ile hakuwahi kuiona ufukoni kwao. Labda watu wa visiwa vya kusini.

"Hili?"

"Hili pia simjui, Bwana."

La tatu hakulijua. La nne hakulijua. Akaanza kupumua. Akalifikia la tano, akainama kutazama vitako vya boriti zile saba alizoziweka peke yake kwa mkono uliosinzia, na hapo usingizi wote ukamtoka.

Mikato ilikuwa safi, mitatu mitatu, na yote imelalia upande usio wa kawaida. Mkono wa kulia haukati hivyo.

Katika wakataji wote aliopata kufanya nao kazi, mwenye shoto alikuwa mmoja tu.

Husseini alilishika koti alilovaa. Koti la nani? Akautia mkono mfuko wa kushoto, vidole vikatokeza kwenye tundu. Mfuko wa kulia ulikuwa mzima. Mwenye koti hutumia mfuko mmoja tu.

Yakamjia yote kwa pamoja. Miezi minne hajainua shoka, na miezi minne unga haukukatika nyumbani. "Umetoka wapi huu, mama Mwamini?" alimuuliza Zamda siku moja. "Kaleta baba. Anatega samaki siku hizi." Anatega! Mzee wa miaka sitini na ushee, anayeondoka na mtumbwi siku nne na kurudi na matope hadi kwenye nyusi, anatega samaki gani? Husseini hakuuliza zaidi. Alikula, akanyamaza. Mtu akila cha kupewa hufungwa ulimi.

Kumbe ameula msitu uliofungwa, yeye na watoto wake, tonge kwa tonge.

Bwana Misitu naye hakuwa mjinga. Alishapiga goti, anapitisha kidole kwenye mkato.

"Huyu ana shoto," akasema.

"Wenye shoto visiwani si wengi, Bwana," Karani Khamisi akasema, akifungua ukurasa mpya.

"Si wengi. Mmoja, labda wawili. Husseini, haya mengine sikuulizi. Nitajie jina moja tu, la mwenye fungu hili. Yeye atawataja wenzake." Akanyoosha mkono nyuma, na Mfaume, aliyeichukua ile kofia mezani bila kuelewa kinachotokea, akampa. Bwana akamnyooshea Husseini. "Umeniambia utamkamata hata mtu wa nyumbani kwako. Vaa, uanze kazi."

Beji iling'aa. Jamani, ilikuwa karibu mno.

"Atafanywa nini, Bwana?"

"Kifungo cha miezi sita na kuvunja mawe ya barabara. Ndiyo sheria."

Husseini akaiona miguu ya Mzee Kondo kama alivyoiacha Mtunda, imevimba, mzee kaiweka juu ya kigoda na anacheka kwa aibu. Miezi sita. Hatatoka huko mzima.

Nami niseme ukweli wangu. Nilipofika hapa kalamu nilitaka kuiweka chini. Ningetaka ipatikane njia, simba ashibe na mbuzi abaki. Sikuiona. Husseini naye hakuiona, na yeye alikuwa amechoka kuliko mimi.

"Ni langu, Bwana," akasema.

"Nini chako?"

"Fungu hili. Boriti saba hizi nimekata mimi."

Mfaume akashika kiuno. Karani Khamisi akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Wewe si wa shoto," Bwana Misitu alisema. Sauti yake ilipoa. "Magome uliyapokea kwa mkono wa kulia. Nilikuona."

"Nilikudanganya, Bwana. Tazama."

Akaunyanyua mkono wa kulia mbele yao wote. Ukapanda tumboni, ukapanda kifuani, ukaanza kutetemeka, ukakataa. Jasho likamtoka. Akauacha uanguke.

"Umekufa tangu boriti iniangukie. Sasa nakata kwa kushoto. Nilifichaficha nipate kazi." Akaligusa bega. "Bega ni kweli na boriti ni kweli. Niandike yote mawili."

Katika maneno hayo kweli ilikuwa moja, wasomaji wangu, na ndiyo iliyomnyang'anya kazi. Askari wa msitu asiyeinua mkono hapewi kofia. Siri aliyoilinda siku tatu za njia, iliyomtoa machozi kwenye benchi, ameitoa mwenyewe ili uongo upate mahali pa kusimama.

Bwana Misitu akanyanyuka, akajifuta vumbi gotini. Alionekana kuchoka yeye pia.

"Mfaume," akasema. "Lete shoka."

*

Shoka la ofisi lilikuwa zito na butu.

Waliilaza boriti moja juu ya gogo. Husseini alilishika shoka kwa mkono wa kushoto. Ukweli ni kwamba nyumbani amewahi kujaribu mara mbili tatu, kwa kuni, na Zamda akamnyang'anya asijikate mguu.

"Kata," Bwana akasema.

Pigo la kwanza liliteleza. La pili likaingia kidogo. La tatu likapiga pembeni. Bega la kulia, hata bila kutumiwa, lilimtonesha kila mwili ulipotikisika. La nne. La tano. Akasimama, anahema, macho yanamwingia giza.

Bwana akainama, akaleta boriti ya fungu la tano, akalinganisha.

"Mlalo ni huu," akanong'ona. "Lakini mkono..." Akatikisa kichwa. "Sijui. Kata tena."

"Nimechoka, Bwana."

"Ulikwisha kuniambia. Kata tena."

Na wakati huohuo, langoni, sauti ya mtu mzima ikapiga hodi.

"Hodi wenyewe! Nimemfuata mkwe wangu. Kashaitwa?"

Husseini aligeuka. Mzee Kondo! Fimbo mkononi, vitambaa vya Mwalimu Swalehe vimezungushwa miguuni, vumbi la Mtunda hadi kiunoni. Ameshindwa kungoja. Amejikokota njia nzima kuja kusikia habari.

"Baba, rudi!" Husseini alimaka. "Rudi Mtunda, nitakuja kukueleza!"

"Nirudi nini tena, nami nshafika?" Mzee akaingia, akavua kofia yake ya ukindu mbele ya Mzungu, akainama kwa adabu. "Shikamoo, Bwana mkubwa. Mie ndiye babaye, kwa upande wa mke."

Kisha macho yake yakaona. Hakuyatazama mafungu ukutani. Hakuliona la tano. Alimwona mkwewe tu, koti limelowa jasho, mkono mmoja umening'inia, mwingine umeshika shoka. Akaona Mzungu anatazama na karani anaandika. Akaelewa, kwa namna yake: hapa mtu anajaribiwa kazi, na bega linataka kumwaibisha.

"A-a-a," akasema kwa upole, akimsogelea. "Bwana, nakuomba. Kijana huyu kapiga kasia siku nzima, katembea siku mbili. Si haki kumpima leo. Kukata anajua, nimemfunza mie mwenyewe. Nipe hilo shoka, mwanangu. Ukimpima aliyemfunza, Bwana, si umempima na yeye?"

"Baba, usiguse!"

"Nipe, umechoka."

"Baba, nakuomba, nakuomba kwa..."

Lakini mkono wa Husseini haukuwa na nguvu ya kuzuia kitu. Mzee Kondo alilitoa shoka kiganjani mwake kama mtu anayempokea mtoto mzigo. Akaiangusha fimbo. Akatema mate kiganjani. Akalipima shoka uzito, akaliinua.

Kwa mkono wa kushoto.

Karani Khamisi aliacha kuandika. Mfaume akafumba macho.

Pigo moja. Pigo la pili. Pigo la tatu, na boriti ikaachana vipande viwili, mkato safi, umelala.

Mzee aliegemea mpini akivuta pumzi, uso umejaa fahari na jasho. Akamrudishia Husseini shoka, akamtengenezea kola ya koti iliyokuwa imepinda.

"Haya, Bwana," akasema. "Mwanangu kapata, au hajapata?"

Bwana Misitu alikuwa amepiga magoti mavumbini, kipande kipya mkono mmoja, boriti ya fungu la tano mkono wa pili. Kofia ya kaki ilikuwa imeanguka chini kati yao. Alitazama mikato miwili iliyolingana, akamtazama mzee, akamtazama Husseini aliyeng'ang'ania shoka na machozi yanamtoka wazi mchana kweupe.

Kisha, chinichini, bila kujijua, akaanza kupiga mluzi.